Kaniki, masikio mawili na meno sita: huduma niliyoipata kwenye kliniki ndogo ya wanyama hapa Mbeya

Tangu mwezi wa tano nimekuwa mteja wa kliniki moja ndogo ya wanyama hapa Mbeya mjini. Naandika kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa nahangaika sikupata mtu hata mmoja wa kuniambia, "Nenda pale, paka wangu walimtibu akapona." Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa watu wa ng'ombe, wa kuku au wa mbwa wa ulinzi. Wengine walibaki kunishangaa: paka naye anapelekwa hospitali?

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mwanjelwa. Paka nilimpata kwa binti aliyekuwa amepanga nyumba ya jirani, akahamishiwa Dodoma kikazi na huko alikopata chumba mwenye nyumba hataki wanyama. Ni jike, weusi wake umefifia kama kaniki iliyofuliwa miaka, na ndilo jina nililompa. Binti aliniachia bakuli na kikapu, akaniambia, "Mama, huyu hana usumbufu, ila anachagua chakula."

Hakuwa anachagua. Siku ya tatu nilikaa chini nikamtazama anavyokula. Anakimbilia bakuli, ananusa, anamchukua dagaa mmoja, anafunga mdomo, halafu anamwachia na kurudi nyuma huku anajipiga shavu kwa mguu wa mbele, kama mtu aliyetia mdomoni kiazi cha moto. Kisha anakaa hatua mbili kutoka kwenye bakuli analitazama. Njaa anayo, kula hawezi. Udenda ulikuwa unamtoka upande wa kushoto, na ukimsogelea uso harufu ilikuwa ya kitu kilichooza. Manyoya ya mgongoni yamesimama na kushikana kwa sababu paka mwenye mdomo unaouma hajilambi.

Masikio nayo yalikuwa na yake. Usiku nilikuwa nasikia anajikuna mpaka mguu unagonga kiti, ko-ko-ko, anapumzika, anaanza tena. Kichwa kiliinamia kushoto muda wote. Nilipofunua sikio nikakuta uchafu mweusi mkavu, unafanana kabisa na masimbi ya kahawa yanayobaki chini ya kikombe.

Kwanza nilienda kwenye duka la dawa za mifugo. Jina silitaji. Kijana wa pale alinisikiliza, hakuomba kumwona paka ingawa nilikuwa naye kwenye kikapu, akasema ni ukurutu. Akachukua chupa ya aivamektini, dawa ya kuua wadudu wa mwilini, ile ya kuchoma ng'ombe, akavuta nusu ya mililita kwenye bomba la sindano, akanifungia kwenye gazeti. "Mchome tu shingoni mama, nusu haimdhuru." Nikamuuliza mbona hajamjua uzito. Akasema paka wote ni wale wale. Nilifika nyumbani na lile bomba nikalitazama jioni nzima. Mimi kazi yangu ni vipimo. Mteja akiniletea kitambaa bila kipimo sikati. Nililiweka juu ya kabati na sikumchoma.

Jirani mwingine, kwa nia njema kabisa, aliniambia nisage panadoli nimchanganyie kwenye mchuzi apunguze maumivu. Hilo nalo nashukuru sikulifanya, na sababu nitaieleza.

Fundi mwenzangu ndiye aliyenipa habari za daktari huyu. Ni fremu moja kati ya maduka, chumba kimoja na varanda yenye benchi. Daktari ni kijana, amesoma Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, na siku nyingi yuko nje kwenye ng'ombe wa maziwa. Kliniki anakuwepo asubuhi mpaka saa 6 mchana. Ameniomba nisiandike jina wala namba yake mahali popote kwa sababu yuko peke yake, na nimeheshimu hilo.

Siku ya kwanza benchini alikuwepo mama mmoja wa Kinyakyusa na mbwa wake mkubwa, na kuku wawili wamefungwa miguu. Kaniki alijikunja kwenye kikapu akaanza kunguruma. Yule mama alinyanyuka mwenyewe akamtoa mbwa mpaka nje ya geti, akaniambia ingia wewe kwanza, huyu wangu ni sindano tu. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na naliandika hapa kwa sababu benchi moja kwa wanyama wote ndilo tatizo la kwanza la kliniki hii. Paka mwenye hofu akikaa pua kwa pua na mbwa, unaingia kwa daktari naye akiwa tayari hashikiki.

Ndani mambo yalibadilika. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." "Anaitwa nani huyu?" Nikamtajia. Kabla ya swali la pili alimweka Kaniki kwenye mizani, ile ya kupimia watoto wachanga, na taulo chini. Kilo 2.4. Akaandika. Hapo tu mimi nilishatulia moyo.

Nikamtolea lile bomba la sindano kwenye gazeti, nikamweleza. Hakumtukana mtu. Alichukua kalamu akanionyesha hesabu: dawa ile ya asilimia moja ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo nusu mililita ni miligramu 5. Kwa kilo 2.4 yeye angetoa kama miligramu nusu. Maana yake nilikuwa nimebeba mara 10 ya kipimo. Dawa ni hiyo hiyo, na yeye mwenyewe alikuja kuitumia, ila kwa bomba dogo la insulini, tone ambalo nisingeliona bila miwani. Paka akizidishiwa dawa hii inampanda kwenye ubongo: anatetemeka, anapepesuka, macho yanaacha kuona, na anaweza kufa. Kuhusu panadoli aliongea kwa ukali kidogo. Mwili wa paka hauwezi kuivunjavunja kama wetu, damu inashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua. Vilevile dawa za viroboto za mbwa zenye sumu iitwayo pemethrini, paka asipakwe kabisa.

Kisha sikio. Hapa nataka mwone nilichokiona mimi. Alifuta uchafu kidogo kwa pamba iliyozungushwa kwenye kibano, akaukung'uta juu ya kipande cha karatasi nyeusi, akawasha tochi ya simu na kunipa lensi. "Tazama mama, usipumulie." Mwanzoni niliona vumbi tu. Nikasubiri. Halafu chembe moja nyeupe, ndogo kuliko ncha ya sindano namba 9, ikasogea. Na nyingine. Baada ya kama dakika moja karatasi yote ilikuwa inatembea. Ni utitiri wa masikio. Wanaishi ndani ya tundu la sikio, wanakula nta na ngozi iliyokufa, wanataga humo humo, na kutoka yai mpaka mdudu mzima ni kama wiki tatu. Ndiyo maana ukitibu siku tano ukaona paka ametulia ukaacha, mayai yanaanguliwa na unarudi ulikotoka. Tena wanahama kwa paka na mbwa wanaolala pamoja, kwa hiyo aliniuliza kuna wanyama wangapi nyumbani. Nilikuwa na Kaniki tu, ila dume la jirani lilikuwa linakuja kulala naye kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Nikamleta na yeye wiki ile ile, jirani alikubali kuchangia nusu.

Sikio la kushoto lilikuwa na zaidi ya utitiri. Kwa ndani lilikuwa jekundu na lina majimaji ya njano yanayonuka. Wadudu waliiumiza ngozi, bakteria wakaingia. Kabla ya kutia dawa alichungulia kwa kimashine chenye taa kuona kama ngoma ya sikio ni nzima. Alinichorea: tundu la sikio la paka halijanyooka, linashuka chini kisha linakata kona kuingia ndani, kama herufi L. Ngoma iko mwisho kabisa. Ikiwa imetoboka, dawa nyingine za matone zikipita kule zinaweza kumwachia uziwi au kumharibia mizani ya mwili. Ndiyo sababu pia vijiti vya pamba havifai: vinasukumia uchafu kwenye ile kona. Ngoma ya Kaniki ilikuwa nzima. Akasafisha taratibu, akamchoma sindano ya utitiri, akanipa matone ya siku 10 na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili kwa sindano ya pili.

Kutia matone mwezi wa sita hapa Mbeya ni kazi. Asubuhi baridi kali, na tone la baridi likiingia sikioni paka anaruka mpaka dirishani. Daktari alinifundisha kushika kichupa kwenye kiganja dakika tano kwanza, kuvuta sikio juu, kudondosha, kisha kukanda chini ya sikio mpaka usikie mlio wa majimaji. Siku mbili za mwanzo nilimfunga kwa khanga na alinichana mikono yote miwili. Siku ya tatu nikashona mfuko. Turubai laini kwa nje, bitana ya flana ndani, zipu ndefu tumboni, na shingoni kamba ya kukaza iliyopita kwenye pindo pana ili isimkabe. Kichwa kinabaki nje, miguu yote minne ndani. Nilipokwenda nao kliniki daktari aliugeuza ndani nje mara tatu akaniomba nimshonee mmoja mkubwa zaidi. Nilimshonea bure, na niseme wazi kwamba ilikuwa baada ya kulipa kila kitu, sikupewa punguzo lolote.

Wiki ya tatu usiku ulikuwa kimya. Mlio wa ko-ko-ko uliisha.

Mdomo ndio habari ndefu. Siku ya kwanza alipoufunua, kwa sekunde chache tu kwa sababu Kaniki alilia, niliona fizi nyekundu kama nyama mbichi, na kule nyuma kwenye kona za taya wekundu umevimba. Ukoga wa njano umeganda kwenye magego mpaka jino halionekani. Paka mzima ana meno 30. Kaniki alikuwa na 27, na mengine kati ya hayo yalikuwa na vishimo vya waridi usawa wa fizi. Daktari alinieleza kwamba hayo si matundu ya sukari kama yetu. Ni ugonjwa ambao mwili wa paka wenyewe unalimeng'enya jino kuanzia kwenye mzizi, na ukifika kwenye neva maumivu yake ni makali. Dawa yake ni kung'oa. Wekundu wa kule nyuma ni jambo jingine: kinga ya mwili inashambulia fizi, mara nyingi paka akiwa ameshika virusi vya mafua ya paka, na virusi vya upungufu wa kinga vya paka navyo vinauzidisha. Kipimo cha virusi hivyo hakikuwepo siku hiyo, na hakunificha.

Nilimuuliza kama vidonge vitatosha. Nanukuu jibu lake kwa sababu ndilo lililonifanya nimwamini: "Mama, nikikupa vidonge atakula vizuri wiki mbili, utanisifu, halafu atarudi vilevile na utakuwa umelipa mara mbili. Tutibu masikio kwanza apate nguvu, kisha tung'oe." Akaandika gharama zote kwenye karatasi kabla sijaamua, na mstari mmoja chini: huenda yakahitajika magego yote baadaye.

Siku ya kung'oa ilipangwa Jumanne. Chakula mwisho saa 3 usiku, maji mpaka alfajiri. Nilifika saa 2 asubuhi, saa 2 na nusu umeme ukakatika mtaa mzima. Tulisubiri mpaka saa 5. Hana jenereta, na bila umeme hana taa wala kimashine cha kukatia meno. Alitoka akaniomba radhi, tukahamishia Alhamisi. Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha: paka aliyekonda amefunga usiku mzima bure. Alhamisi hakunidai tena ya kumwona, lakini anayemleta mnyama kwa nusukaputi aulize mapema kuhusu umeme, na daktari anunue jenereta hata ndogo.

Alhamisi ilikwenda vizuri. Nusukaputi ya sindano, kwa uzito aliompima upya. Aliniruhusu nikae. Alinipa kazi ya kushika chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa taulo pembeni ya mwili wa Kaniki, kwa sababu paka mdogo akilala hivyo joto lake linashuka haraka, na siku hiyo hata mimi nilikuwa na sweta mbili. Ilichukua saa moja na dakika arobaini. Alipofika kwenye gego kubwa la juu alisimama akanieleza kwamba lina mizizi mitatu, ukilivuta zima linakatikia ndani, kwa hiyo analigawa vipande kwanza kisha anatoa mzizi mmoja mmoja. Mashine ya picha za meno hana. Anachofanya ni kuhesabu mizizi juu ya shashi, na kila jino alilotoa alinionyesha: hili miwili, hili mitatu, hili mmoja. Jino moja mzizi ulikuwa umeshaliwa, umebaki kama kipande cha chaki. Yalikuwa sita. Mengine akayakwangua ukoga akayaacha, na fizi akazishona kwa uzi unaoyeyuka. Mshono wake niliutazama kwa karibu. Mizunguko iko sawasawa, haijavuta nyama. Huyo ni mtu mwenye mkono mtulivu.

Nyumbani alikuja akiwa bado analegea. Nilimlaza sakafuni kwenye mkeka ili asianguke kitandani, karibu na jiko lakini si kwenye mkaa. Usiku ule alikunywa maji. Kesho yake saa 4 asubuhi nilimpa kijiko cha maini ya kuku yaliyochemshwa na kupondwa laini kama uji wa mtoto, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya paka. Alinusa, akarudi nyuma hatua moja kwa mazoea yake ya zamani. Nilishika pumzi. Akarudi. Akalamba, akasimama kama anasubiri kuumwa, haikuuma, akalamba mpaka bakuli likasogea na kugonga ukuta. Nililia, na sijutii.

Vidonge vilikuwa vya siku saba. Angalizo moja daktari alilolirudia mara mbili: kile cha doksisaiklini, dawa ya bakteria, kisiachwe kikavu kooni, lazima ukisukume na maji mililita tano hivi kwa bomba lisilo na sindano, la sivyo kinaunguza koo. Dawa ya maumivu alinipa kwa matone yaliyohesabiwa, siku tatu tu, kwa sababu ikizidi inaumiza figo.

Hesabu yangu yote hii hapa. Kumwona 10,000. Kusafisha masikio na sindano ya kwanza 15,000, ya pili 5,000, matone 8,000. Nusukaputi na meno 110,000. Vidonge na dawa ya maumivu 17,000. Chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na kadi, 10,000. Jumla 175,000, bila bajaji. Ni magauni saba ya kitenge kwa bei ninayoshona mimi. Si ndogo, na nililipa kwa mafungu matatu alivyoniruhusu. Anayemchukua paka wa mtu aombe kwanza kumfunua mdomo na masikio, ajue anachokipokea.

Malalamiko mengine: simu hapokei akiwa vijijini, na mara moja nilipiga tangu saa 8 mchana akanijibu saa 2 usiku wakati fizi ilikuwa inatoa damu kidogo. Haikuwa hatari, lakini mimi sikujua. Pia maelezo ya dawa anayaandika kwa mwandiko wa haraka. Mwambie akusomee kabla hujaondoka.

Sasa ni mwezi wa nane. Jumamosi iliyopita mizani ilisoma kilo 3.1. Masikio yote mawili ni makavu, kwa ndani yana rangi ya waridi iliyopauka. Analala ubavu wa kushoto juu ya mabaki ya bitana, upande ambao mwezi wa tano hakuweza kuulalia. Dagaa wa Kyela anakula, nawasaga kidogo kisha nawalowesha. Wekundu wa kule nyuma ya taya umepungua upande wa kulia, wa kushoto bado upo. Daktari ametupa muda mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Wekundu usipoondoka atatoa magego yaliyobaki, na anasema wapo wengi wanaopata nafuu kubwa baada ya hapo, na wapo wanaoendelea na dawa. Kwa kila gauni ninalomaliza naweka 5,000 kwenye kopo. Yapo 45,000.